Gauni Lililofuliwa Ijuganyondo

Muleba,
8 Machi 1955

Dada yangu mpendwa Kokubanza,

Shikamoo. Mae amekaa hapa karibu nami na, kama mama yeyote, ananikumbusha kila mara nisisahau kukusalimu kwa niaba yake. Hatujambo, isipokuwa goti lake, ambalo likisikia mvua inakuja linatangulia kulalamika. Shemeji Mwijage hajambo? Kazi yake ya ukarani inaendeleaje?

Nina habari njema. Wazee wa kina Rugaibula walikuja Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo Lameki aliwapokea kwa niaba ya kaka yake, marehemu tata. Walitafuna kahawa, wakazungumza habari za mvua na za barabara, mpaka mimi niliyekuwa jikoni nikadhani wamesahau walichojia. Mwishowe wakapatana. Ndoa itafungwa Juni, shule zikifungwa, kwa kuwa Rugaibula ni mwalimu, hawezi kuwaacha wanafunzi wake kabla ya hapo.

Sasa ninalo ombi. Baba mdogo anasema kahawa yote ya mwaka huu itaishia kwenye karamu, na gauni la dukani tusilitaje. Nimelikumbuka la kwako. Siku ya harusi yako nilikuwa mtoto, nililishika pindo lake toka kanisani hadi nyumbani, nawe ukanigeukia ukasema, "Penina, ukilikanyaga nitakuacha hapa njiani." Naomba nilivae. Kama limechafuka, labda yupo dobi huko mjini anayejua vitu kama hivi.

Nijibu upesi, maana silali.

Mdogo wako,
Penina


Ijuganyondo,
21 Machi 1955

Penina mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Mwambie mae alifikishie goti lake pole yangu. Huku tu wazima. Shemeji yako yuko kazini.

Barua zako usizitume kwa anwani ya ofisini kwake, zinakaa sana mezani. Mpe Muharami wa lori mkononi, naye atanikuta sokoni Jumamosi. Siku hizi nauza mboga kidogo, kujichangamsha tu.

Rugaibula namkumbuka. Alikuwa kijana mwenye shingo ndefu anayeimba sauti ya nne. Nimefurahi, mdogo wangu. Nimefurahi kweli.

Gauni nimelitoa. Sikuwa nimelitazama tangu nilipolikunja. Limegeuka rangi kama maziwa yaliyolala, pindo lina udongo mwekundu wa kwetu, na mgongoni, lilipogusana na bawaba ya sanduku la bati, limeshika kutu. Nilikwenda nalo kwa dobi. Alilishika kwa vidole viwili, akataja bei ambayo mtu angeweza kushonea jingine. Nikamwuliza, "Kwa bei hiyo unalifulia maziwa?" Akasema, "Mama, hii ni satini. Ikiharibika utanilaumu." Nikalikunja nikaondoka. Nitalifua mwenyewe.

Jipime kiuno kwa uzi, ukate, uutie ndani ya bahasha. Na urefu, kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu.

Dada yako,
Kokubanza


Muleba,
4 Aprili 1955

Dada Kokubanza,

Shikamoo sana. Sisi tu wazima. Nyuzi ni hizi, yenye fundo ni ya kiuno.

Juzi mama yake Rugaibula alikuja kutusaidia kupalilia, akaniuliza nitavaa nini. Nikamwambia kwa majivuno kabisa: gauni la dada yangu, mke wa karani wa mjini. Akafurahi. Akasema gauni la mke mwenye nyumba yake ni baraka, linaingia na heri yake. Kisha akanishika mkono akauangalia, sijui alikuwa anatafuta nini, akasema nina mikono ya kazi.

Usijichoshe na kufua. Mvua zimeanza.

Mdogo wako,
Penina


Ijuganyondo,
26 Aprili 1955

Penina mdogo wangu,

Natumaini mvua hizi zinawakuta salama na paa halijaanza tena mchezo wake. Mimi mzima. Shemeji yako mzima.

Gauni limefuliwa. Nitakueleza nilivyofanya, kwa sababu nawe utakuwa na vitu vya kufua katika nyumba yako, na mimi hakuna aliyenifundisha.

Nilifulia kwa jirani yangu Benigna, mjane Mkatoliki ambaye kibanja chake cha migomba kimepakana na chetu. Ana pipa kubwa la kukingia mvua. Maji ya kisima yana udongo, lakini ya mvua ni laini, hayaachi alama kwenye satini. Nilikwangua sabuni ya mche kwa kisu, nikaiyeyusha katika maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana moto unaua mng'aro. Nikalilaza gauni ndani ya karai, nikaliacha lilowe. Maji yakawa rangi ya chai. Nikamwaga, nikatia mengine. Sikulisugua. Nililikandamiza kwa viganja tu, na pindo ndilo nililolipitishia brashi, mpaka udongo wa Muleba ukaachia.

Kutu ilinitesa. Nilikamulia limau, nikanyunyiza chumvi, nikaweka doa lielekee jua. Lakini jua la Aprili unalijua, linatoka likiona haya. Kila wingu lilipokuja, Benigna na mimi tulikimbia kuliingiza ndani, yeye kashika mabega, mimi pindo, kama watu waliobeba mgonjwa. Mwishowe akasema, "Kokubanza, hili gauni limebebwa kuliko bibi harusi mwenyewe." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kwa muda.

Alitaka tulianike juu ya majani ya mgomba. Nikamkataza. Utomvu wa mgomba ukishika nguo nyeupe, utazikwa nao. Tulitandaza shuka juu ya nyasi, kivulini, tukakaa kando yake kufukuza kuku.

Kutu haikutoka yote. Imebaki kama kivuli, chini kidogo ya bega la kushoto. Shela italifunika. Kiuno nimekipunguza kwa uzi wako. Umekuwa mwembamba kuliko nilivyokuwa mimi. Pasi nimelipiga kwa ndani, na kitambaa kibichi katikati, ili cheche ya mkaa isiliguse.

Lilipokwisha nililitundika mlangoni. Benigna aliniita nikale, sikumsikia. Siku ya harusi yangu sikuwahi kuliona, kwa kuwa nilikuwa ndani yake. Sasa nimeliona. Ni zuri, Penina.

Analileta Muharami, limefungwa kwenye shuka. Usilifungulie nje.

Dada yako,
Kokubanza


Muleba,
9 Mei 1955

Dada,

Shikamoo. Gauni limefika salama. Mae alilifungua kitandani, akapitisha mkono juu yake, akasema, "Huyu mtoto wangu amefua hili kwa machozi au kwa maji?" Tukacheka. Nililivaa, likanikaa kana kwamba ulinipima kwa mikono yako. Doa silioni. Mae analiona, lakini mae huona kila kitu.

Dada, nina swali, na usinikasirikie. Nilimpa Muharami mkungu wa ndizi kwa shukrani. Akasema, "Mwambie dada yako ajipe moyo. Nyumba moja si dunia." Nikamwuliza nyumba gani. Akaona amekosea, akaanza kupiga piga magurudumu ya lori lake kama anayeyakagua, kisha akaondoka.

Nyumba gani, dada?

Mdogo wako,
Penina


Ijuganyondo,
16 Mei 1955

Penina mdogo wangu,

Marahaba. Hii barua isome ukiwa peke yako.

Muharami ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna mlango. Ni kweli. Niliondoka kwa Mwijage Januari, kabla hujaniandikia. Naishi kwa Benigna. Nalima naye, na mboga ninazouza ni zake na zangu.

Miaka tuliyokaa unaijua, na unajua hakulia mtoto. Nilikunywa dawa za hospitali na dawa za miti. Niliombewa. Mwijage mwanzoni alikuwa anasema tungoje, kisha akaacha kusema, na mtu akiacha kusema wengine humsemea. Siku hiyo nilitoka kuteka maji nikawakuta ndugu zake wawili wamekaa upenuni, na sanduku langu la bati limekwisha kutolewa nje. Mkubwa wao akasema, "Dada, hatuna ugomvi na wewe." Mwijage alikuwa ndani. Nikamwita. Nikasema, "Mwijage, toka uniambie wewe mwenyewe." Hakutoka. Nilimsikia akikohoa.

Binti aliyeletwa mahali pangu simchukii. Ni mdogo kuliko wewe. Nikiwa kibanjani kwa Benigna namwona akianika nguo zake kwenye kamba niliyoifunga mimi.

Utaniuliza kwa nini sikurudi nyumbani. Ningerudi, wazee wa kina Rugaibula wangekuja wakanikuta jikoni, mwanamke aliyerudishwa. Nani angekuchumbia kwa amani? Nilisema moyoni, Penina aolewe kwanza. Mae usimwambie hadi harusi ipite.

Na kama sasa hutaki kulivaa, niambie mapema. Sitauliza sababu.

Dada yako,
Kokubanza


Muleba,
5 Juni 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kuchota maji kwa sababu mae alianza kuniangalia.

Siri haikukaa. Mwanamke mmoja aliyekwenda mkutano wa kanisa huko Kaagya, upande wenu, alirudi nayo. Juzi mama yake Rugaibula alikuja, akakataa kiti, akakaa kwenye nyasi kando ya mae. Alizungumza kwa upole sana. Akasema, "Mimi nimeokoka, mambo ya kale niliyaacha. Lakini gauni la mwanamke aliyerudishwa haliwezi kuingia nyumbani kwangu na mkamwana wangu ndani yake. Siyo mimi, ni maneno ya watu." Mae hakujua lolote. Ndivyo alivyopata habari zako, dada, mbele ya mgeni. Alisema tu, "Tumesikia," akamsindikiza hadi njiani, akarudi akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Nilimfuata Rugaibula shuleni. Alisema, "Penina, ni nguo tu." Nikamwambia kama ni nguo tu basi nitaivaa. Akageuka kufuta ubao.

Nitalivaa. Nimemwambia mae, nimemwambia baba mdogo, na wewe nakuambia. Njoo, dada. Ukae mbele. Mtu akikuangalia, mwangalie.

Mdogo wako,
Penina


Muleba,
12 Julai 1955

Dada Kokubanza,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma barua hii. Natumaini wewe na Benigna ni wazima.

Nataka uyasikie kwangu, ingawa uliona kwa macho yako. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha oga, gauni lako limelazwa kitandani. Mama mkwe akaleta jingine, aliloazima kwa jamaa yake, limefungwa kwenye karatasi. Nikasema sivai. Shangazi zangu wakasema, nikasema sivai. Baba mdogo akafoka mlangoni, nikasema sivai. Ndipo mae akawaomba wote watoke. Akapiga magoti mbele yangu, dada, kwa goti lile. Akasema, "Nina binti mmoja asiye na nyumba. Usinipe wa pili." Nilijaribu kumwinua, akakataa kuinuka.

Nikalivaa la kuazima. Lilinibana kwapani.

Nilikuona. Ulisimama karibu na mlango pamoja na Benigna, umevaa gomesi ya buluu. Uliliangalia gauni kwanza, kisha ukaniangalia usoni, ukatabasamu. Ulitabasamu kama mtu anayemwambia mwenzake, pita tu, njia ni nyembamba. Nilikutafuta wakati wa chakula, wakasema umekwisha ondoka.

Gauni lako nimekuja nalo huku kwa mume wangu, chini kabisa ya sanduku. Sikuweza kuliacha.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Penina


Ijuganyondo,
30 Julai 1955

Penina,

Marahaba. Tu wazima. Benigna anakusalimu.

Sitakutukana. Wala sitakuambia kwamba sikuumia, maana tumekuwa tukidanganyana kwa salamu mwaka huu wote, "mimi mzima, shemeji yako mzima," na nimechoka.

Nilipoingia kanisani nililitafuta bega la kushoto. Nilijua hasa mahali pa kutazama. Halikuwa gauni langu. Benigna akaniuliza, "Ndilo?" Nikamjibu ndilo. Sijui kwa nini nilimwongopea. Labda nilitaka mtu mmoja kanisani mle aamini kwamba ulilivaa. Baadaye njiani nilimwambia kweli, akanishika mkono, tukatembea hivyo mpaka tulipopata lori.

Mae simlaumu. Alichagua binti ambaye bado angeweza kuokolewa. Ningekuwa mimi ningechagua hivyo hivyo. Lakini kukubali jambo na kulibeba ni vitu viwili, na hili bado sijaweza kulibeba. Niache kidogo. Usiniandikie kwanza. Sijakutupa. Nikiona mwandiko wako moyo unapiga vibaya, na nina kazi za kufanya.

Mtunze mume wako. Kuwa na furaha, ukiipata usiionee haya kwa ajili yangu.

Kokubanza


Muleba,
20 Januari 1957

Dada yangu Kokubanza,

Shikamoo. Nilitii, sikukuandikia. Muharami ananiletea habari zako bila kuulizwa. Anasema wewe na Benigna sasa mnashona nguo za shule, na kwamba cherehani inasikika mpaka barabarani. Nilifurahi. Mae anatembea kwa fimbo. Anakutaja kila anaposali, lakini mbele ya watu hakutaji.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine.

Sijapata mtoto. Mwaka wa kwanza walisema ni mapema. Sasa hawasemi ni mapema. Mama mkwe amenipeleka kwa wanaojua kuomba, na nikagundua pia kwamba kuna kitu ananichanganyia kwenye uji, kichungu. Wiki iliyopita alikuwa anatafuta blanketi katika sanduku langu akalikuta gauni lako. Hakupiga kelele. Alitoka nalo uani, akalitundika kwenye mti wa kahawa ili kila mtu alione, akasema, "Kumbe limelala humu muda wote huu." Anataka lichomwe. Anasema niliwasha moto huu mwenyewe, basi niuzime mwenyewe, mimi ndiye nitakayetia kiberiti.

Rugaibula ni mwema. Hanipigi, hanitukani. Mama yake akianza kusema, yeye hufungua kitabu.

Dada, mara ya kwanza nilikataa kwa mdomo mpaka dakika ya mwisho, kisha nikashindwa. Nikikataa tena nitasema nini? Na nikilichoma, nitakuwa nimekuchoma wewe. Usiku naogopa, mchana naona haya kwamba niliogopa. Wakati mwingine, nisamehe, hata mimi nalitazama gauni nikijiuliza kama ni kweli.

Limerudi sandukuni kwa sasa. Wamenipa muda mpaka Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Penina


Ijuganyondo,
28 Januari 1957

Penina mdogo wangu,

Marahaba, mtoto wa mae. Nimeipata barua yako Jumamosi, nami najibu leo ili Muharami arudi nayo kesho. Mimi mzima, na safari hii ni kweli. Macho tu yanasumbua kwa ajili ya sindano.

Lichome.

Usilie, sikiliza kwanza. Ni satini. Niliivaa mara moja, nikaifua mara moja. Huwezi kunichoma mimi uani kwa mama mkwe wako; mimi niko hapa, nimekaa, mguu wangu uko kwenye cherehani. Kama moto huo utakupa wiki mbili za watu kukusalimu vizuri, zichukue. Mpe kiberiti yeye mwenyewe kama mkono wako utakataa, nenda jikoni, endelea kumenya ndizi.

Wala usiniombe radhi kwa kujiuliza kama ni kweli. Mimi nami nilijiuliza. Nilipokuwa kwa Mwijage nililaumu kitanda, nikalaumu kisima, nikamlaumu mwanamke aliyenishonea gauni hilo. Mtu akiulizwa kila siku amekosea nini, hatimaye hutafuta jibu.

Lakini nitakuambia lililo mbele, kwa kuwa njia hiyo nimeipita. Watalichoma gauni, na mwezi utapita, na mwingine, na kama Mungu hajataka bado, watatafuta kitu kingine cha kuchoma. Watasema ni sanduku. Watasema ni uzi niliopunguzia kiuno. Vitu vikiisha utabaki wewe. Rugaibula atakuwa anasoma kitabu chake. Hatakufukuza, Penina, na hatamzuia atakayekufukuza. Nakuambia hivi bila chuki naye. Huenda nikawa nimekosea, na huenda mwakani ukaniletea mtoto nimpakate, na nitafurahi nikiaibika kwa maneno haya.

Kosa langu mimi lilikuwa kungoja. Nilijua tangu zamani, nikangoja mpaka nikakuta sanduku nje, na nikasimama upenuni nikimwita mtu aliyekuwa anakohoa. Wewe usifike hapo. Siku utakapoona wameanza kukuangalia jinsi walivyoliangalia gauni, usingoje wazee wakutane. Usichukue sanduku, litawaamsha. Chukua kikapu kama mtu anayekwenda sokoni. Muharami nimekwisha mwambia, na safari hii ameapa kwa mama yake kufunga mdomo. Hatakuuliza nauli.

Nimezungumza na Benigna. Nilianza kumweleza kwa kuzunguka, akanikata: "Ni yule mdogo wako mwembamba? Basi atalala upande wa ukutani, maana wewe unapiga mateke." Ndiye Benigna huyo.

Mae nitamwandikia mimi. Amekwisha piga magoti mara moja kwa ajili yetu, inatosha.

Nyumba ni ya tatu baada ya daraja, yenye pipa mbele. Mchana mlango wa nyuma haufungwi. Ukinikosa niko shambani, ingia, ule, ulale. Usiogope kelele za cherehani.

Dada yako,
Kokubanza